Baada ya "Nzuri"

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kibakwe hatujambo, babu yako anatafuna karanga mbichi kama kawaida. Umeuliza sisi wauguzi wa zamani tulijuaje surua imeingia, wakati hatukuwa na tahadhari za wilaya mnazozipata kwenye simu hapo zahanati.

Siku moja mnadani nilimsalimu mama mfugaji. Habari za nyumbani? "Nzuri." Za watoto? "Nzuri." Sikuondoka. Akaongeza: "Ila wana homa, macho mekundu, na vipele." Nikamsalimu mwingine, wa ng'ambo ya mlima. Naye nzuri, nzuri, kisha yaleyale. Ugonjwa ulikuwa umeshatangazwa milima yote, ndani ya salamu! Nikapeleka taarifa wilayani siku hiyohiyo, chanjo ikawahi.

Tahadhari zisome, mama. Ila mtu akikujibu "nzuri", usiondoke bado.

Bibi yako