Koki ya Tatu

4 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, wifi yangu na watoto hamjambo. Huku tunaendelea, ila Mama macho yanazidi kufifia na miguu bado imevimba.

Simu yako inaita mpaka inachoka, basi nimeshika kalamu. Uliahidi utatuendesha mwenyewe kwenda kwa Mama Mkubwa. Mwezi uliopita ukaja kukagua gari, ukala, ukalala, ukaondoka, kisha ukasema kazi zimekubana. Sawa, nitaendesha mimi. Dada yake Mama anaondoka taratibu kule, na kila siku anamuulizia mdogo wake. Wazee wale wanataka kushikana mikono mara moja tu, hawana jingine.

Leo nimemjaza Kobe maji. Marehemu Baba alijua kuliita gari hili jina hilo: kitanda, jiko na choo, vyote mgongoni! Juu mpira unaingiza maji, chini anayakojoa yote. Majirani wamecheka hadi basi. Mimi sicheki. Bila maji choo hakifanyi kazi, na unajua Mama hawezi kukaa hata saa moja, na njia ile ni pori tupu kwa siku mbili.

Wewe ndiye uliyeyafunga mabomba yake. Niambie koki za kumwagia maji ziko wapi nizifunge.

Dada yako


9 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu sana. Umenivunja mbavu na Kobe wako anayekojoa.

Usihofu. Gari likikaa bila safari, maji humwagwa yasiozee ndani, na koki huachwa wazi. Ya kwanza iko chini ya sinki, nyuma ya ndoo ya taka. Ya pili iko kwenye kabati la choo, chini kabisa, utaipapasa kwa mkono. Mpini ukilala sambamba na bomba, iko wazi. Ukiuzungusha ukakingama na bomba, umefunga. Ni hizo mbili tu, dada. Usianze kufungua mbao za Baba kwa bisibisi, utaharibu.

Nibusie Mama.

Mdogo wako


13 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Asante kwa maelezo. Nimezipata zote mbili. Hiyo ya chooni nimeipapasa shavu limebanwa ukutani, buibui akanitembea mkononi, lakini nimeifunga. Mama alikuwa amesimama nje na mkoba wake, eti tuondoke.

Maji bado yanatoka! Nimejaza tena asubuhi, jioni tangi tupu.

Mwanawe Mama Mkubwa anasema mama yake hali tena chakula. Mama naye siku hizi analala na viatu miguuni, nikisema twende asinicheleweshe. Fikiri vizuri, mdogo wangu. Hakuna koki nyingine mahali? Nijibu upesi, nakuomba kwa heshima ya Baba.

Dada yako


18 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo, na pole kwa buibui. Koki nyingine hakuna. Kwa unavyoeleza, tangi limepasuka, na hilo si la kuziba kwa gundi. Usilitoe gari barabarani, mtakwama porini na mgonjwa. Mwisho wa mwezi nakuja na tangi jingine na nitawaendesha mwenyewe. Mwambie Mama subira huvuta heri.

Mdogo wako


27 Agosti

Kwako wewe,

Sisi si wazima. Mama Mkubwa amefariki juzi alfajiri. Habari zilipofika, Mama alikuwa ameketi kitandani amevaa viatu, akasikia mlango akauliza kama ni wewe umekuja na tangi.

Jana nililala chini ya gari na tochi. Mimi mshonaji, ufundi wa magari siujui, lakini macho ninayo. Tangi liko mbele, na chini yake ni kukavu kabisa. Maji yalikuwa yanatoka nyuma, karibu na tairi, kwenye kibomba chembamba. Nikaingia ndani, nikatoa godoro la Mama, nikafungua ubao. Pale ipo hita ya maji, ile uliyoifunga kwa mikono yako. Pembeni yake iko koki ya tatu, mpini umelala na bomba, na umefungwa kwa kipande cha tyubu usisogee. Nani mwingine katika ukoo huu anafunga kila kitu kwa vipande vya tyubu? Baba alikuwa akikutania kwa hilo.

Nikakata kwa mkasi, nikazungusha mpini, maji yakakoma. Kufumba na kufumbua! Nikakaa sakafuni nikalia kwa hasira mpaka sauti ikakauka.

Nilikuuliza mara mbili. Mara mbili ukanidanganya, na utani juu yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusikia msemo huo tangu utoto, na sikuwahi kudhani nguo yenyewe ni wewe. Kwa nini?

Dada yako


1 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo, na poleni sana kwa msiba. Nimelia kama mtoto.

Baba mkwe aliniomba Kobe abebe wageni wake kwenye harusi ya shemeji mwezi huu, nami nikamkubalia kabla ya kukuuliza. Unajua wanavyoniona pale kwao: fundi mwenye mikono ya grisi aliyeoa juu ya kimo chake. Ningekwambia, ungekataa. Mngeondoka, msingerudi mapema. Nilitaka gari litulie wiki chache tu. Wazee husema wanakufa, kisha wanaishi miaka. Sikumuua mtu, dada. Ni koki tu.

Tafadhali Mama asijue. Na kwa kuwa sasa hakuna haraka tena, naomba nije kulichukua gari Jumamosi.

Mdogo wako


8 Septemba

Mwanangu,

Ni mimi mama yako, dada yako ananiandikia. Hujambo? Wajukuu zangu wazima? Sisi tumefika salama, na Kobe hakutoa hata tone njia nzima.

Wamenipeleka kaburini, nimeshika udongo wa dada yangu. Wanasema mpaka siku ya mwisho alikuwa akiuliza, "Bado hajafika?" Nimewaeleza watu hapa kwamba gari lilituangusha, na kwamba mwanangu alihangaika nasi kwa barua ingawa yuko mbali na ana kazi nyingi. Asante, baba. Usijilaumu kwa lile tangi. Dada yako amekuwa kimya sana, sijui ana nini. Mwandikie umchangamshe. Mungu akupe maisha marefu.

Mama yako

Nimeandika kila neno kama alivyolitamka, hata ile asante. Sikumwambia wala sitamwambia. Usidhani nakusitiri wewe. Mama amezika dada, na sitaki azike na mwana angali hai.

Gari haliji huko kwa harusi yenu. Barua zako mwandikie yeye. Macho yake hayaoni, nitamsomea.

Binti wa mama yako