Ruksa ya Wembe Sitoi

Makambako, Jumapili

Mdogo wangu Mwanaidi,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi hii inayong'ata masikio. Hujambo wewe, na huo mguu je? Mimi mzima, alhamdulillahi. Siku hizi biashara huria, kila mlango una robota la mitumba, ila wateja wangu hawajanikimbia.

Barua yako ya kutoka Kondoa nimeipata. Unaniomba mimi mkubwa wako nikupe ruksa, mganga aichanje kwa wembe hiyo mishipa iliyotuna, damu mbaya itoke. Eti sindano za hospitali hazina faida, maana mishipa hurudi. Haya, nisikilize mimi niliyechomwa.

Nilichomwa binti yako Salima akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na leo yuko darasa la tano. Daktari aliingiza dawa ndani ya mshipa wenyewe, ukanywea. Kisu sikukiona. Akanifunga bendeji ya kubana, akasema nitembee. Weee! Mwenye nyumba wangu, Mama Tulizo, Mbena mwenye huruma kupita kiasi, akanilaza kama niliyejifungua jana: uji wa ulezi kitandani, jiko la mkaa miguuni. Mguu ukavimba, nikarudi hospitali nachechemea. Daktari akacheka, "Mama, mguu huu unataka kutembea, si kuota moto." Mama Tulizo alinuna, kisha akawa ananisindikiza mwenyewe mpaka sokoni.

Sasa sikufichi kitu. Kile kidonda ambacho mishipa ilinitoboa kifundoni kilifunga, hakijafunguka tena. Doa jeusi limebaki. Mwaka juzi vimishipa vingine vilichomoza nyuma ya goti, nikachomwa tena. Nikisahau soksi za kubana, jioni mguu unakuwa mzito. Kwa hiyo ndiyo, hurudi. Lakini nasimama sokoni kutwa, na nikilala nalala.

Ruksa ya wembe sitoi, kasirika ukitaka. Mshipa uliotuna hivyo ukikatwa, damu haisikii majani ya mganga. Naogopa, Mwanaidi. Nenda hospitali, au panda basi uje nikupeleke mwenyewe.

Msalimie shemeji, mwambie yule mbuzi aliyemwandalia mganga mchinje mle wenyewe. Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu, na Salima umbusu.

Wa tumbo la mama tumebaki mimi na wewe tu. Ukiondoka, nani ataniita dada?

Ni mimi,
Zuhura