Kumbe Mlisema Ukerewe

Kimara, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinijibu "namshukuru Mungu" ukaishia hapo, maana Pendo ameniambia Jumapili ulikwenda kanisani umeegemea mwamvuli, na mvua yenyewe hakuna. Mimi huku ni mzima. Mafua yalinishika wiki iliyopita, nikayafukuza kwa tangawizi na ukali. Michembe ya viazi uliyonitumia ilifika, na imeshakwisha. Nusu ameila mwenye nyumba wangu kwa kisingizio cha kuonja.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu yako, mama, unaiweka sauti ya juu mpaka majirani wanajua nimekula nini. Hili ninalotaka kukueleza ni lako kwanza. Ukishalisoma, utaamua mwenyewe nani aambiwe.

Linaanzia kwenye lile grupu letu la simuni, sisi watano tuliosoma darasa moja. Unatujua wote, maana wote ulitufundisha na wote ulituchapa. Kila asubuhi kabla sijafika dukani Buguruni nakuwa nimeshasikiliza sauti zao, Pendo akilalamikia zamu za zahanati na Magesa akiimba vibaya makusudi. Bila hao watu, miaka mitano hii ningekuwa nimesahau hata utani wa nyumbani.

Basi, miezi miwili iliyopita Magesa akasema, "Jamani, Desemba twendeni kisiwani wote watano, si tulisema tangu shule?" Wote tukaitikia, na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Sasa ujue, mama, hapa Dar ukisema unakwenda kisiwani hakuna anayekuuliza kipi. Ni Unguja. Nikajua wenzangu wanakuja huku, watafikia kwangu, halafu tupande boti pamoja. Nikanunua magodoro mawili. Nikamwambia na Mzee Nassor, bosi wangu mwenye duka, ambaye dada zake wote wanaishi Unguja. Alifurahi kama harusi ni yake, akawapigia simu wakatuandalia chumba.

Dalili zilikuwepo, tatizo lilikuwa kichwa changu. Pendo alisema kuvuka ni muda mfupi tu, chai haipoi. Nikamjibu, "Mwenzangu, ni karibu saa mbili, na utatapika." Wakadhani natania. Magesa akasema atakula sato mpaka aombe msamaha. Nikamsahihisha kwa madaha: "Huko baharini hakuna sato, braza, kuna changu na pweza. Nyie watu wa bara mna shida." Nimekuja kujua baadaye kwamba siku ile walipigiana simu wakijadili kama mji umeniharibu. Wakiniuliza nafika lini, nami nawauliza wao wanafika lini, tukawa kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia.

Jumamosi nikiwa napanga misumari kwenye rafu, ikaingia sauti ya Magesa: "Nimeongea na mjomba wangu wa Nansio, anatusubiri." Niliisikiliza mara tatu, kisha nikampigia.

"Magesa, Nansio ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Si tunaenda Unguja?"

Akacheka mpaka nikasikia simu yake inaanguka. "Nyanjura wewe! Unguja kaitaja nani? Sie tunaenda Nansio ya Ukerewe, hapo hapo Kisorya tunapanda kivuko. Tunakusubiri wewe uje nyumbani!"

Nikaanza kucheka na mimi, nikajiita kila jina. Ndipo akaongeza, bila nia mbaya: "Na mama yako keshapaka chokaa chumba chako. Jumapili kasimama mbele ya watu, kaomba safari yako iombewe."

Kicheko kikaniisha pale pale.

Nilimweleza Mzee Nassor nikitegemea tutacheka wote. Kweli alicheka. Akauliza hiyo Ukerewe iko bahari gani, nikamwambia iko ziwani. "Aa, maji yasiyo na chumvi," akasema, "hayo ya kufulia." Nililitetea ziwa letu, mama, ungenisikia ungejivuna. Mteja mmoja aliacha hata kununua rangi ili asikilize. Mzee alipochoka kucheka akafuta miwani yake, akaniuliza, "Sasa huyo mama yako, anajua kwamba ulikuwa huendi?"

Nikarudi kwenye misumari yangu.

Ningeweza kukaa kimya. Magesa na Pendo wameapa hawatasema. Ningeshuka stendi Bunda, ungenikumbatia, ningekula kuku wangu, mambo yangeisha. Lakini nimeshindwa kulala juu ya chokaa yako kwa uongo. Ukweli ni kwamba kwenye mpango wangu wa Desemba, nyumbani hakukuwemo. Niliwafikiria marafiki, nikafikiria boti na magodoro, wewe sikukufikiria. Kila mwaka nimekuwa nikisema "mwakani", nawe unasema "haya mwanangu", na mimi nikajifanya naona umeridhika. Mwaka wa kwanza nilinyimwa likizo kweli. Baada ya hapo nikaona aibu kurudi mikono mitupu, na aibu ni deni lisilolipika kwa kungoja, kila mwaka iliongezeka. Wewe ukapaka chokaa kwa ajili ya safari ambayo mimi sikuwa nimeiwaza. Imeniuma sana, mama. Naomba unisamehe.

Sasa nakuja, na safari hii naisema mwenyewe kwa mkono wangu. Mzee Nassor amenipa wiki tatu. Siku mbili nitakuwa Ukerewe na wenzangu, siku zote zilizobaki ni zako, hata ukitaka tukae tu tunachambua dagaa. Dada zake wa Unguja tumewaomba radhi, wamesema wao hawahami na kisiwa chao hakihami.

Nisalimie mchungaji wetu, aliyeniombea safari kabla sijaipanga. Nisalimie mama mdogo Rhoda pale gengeni kwake, mwambie nimekumbuka kusema ukweli kama alivyoniusia. Kaka Manyama mwambie aache kupanda juu ya paa kulitengeneza kabla sijafika, anaogopesha watu. Na shangazi akianza kuuliza mume yuko wapi, mjibu kwamba bado yuko njiani, huenda naye alielewa vibaya aende kisiwa gani.

Mama, kama barua hii imekukasirisha, nakuomba kitu kimoja tu. Usinipigie simu kunigombeza, wala hasira usimmalizie Pendo. Itunze. Nitakuja nikae jikoni karibu na wewe, unigombeze ukiwa unanitazama usoni. Huku watu wananisema vizuri kila siku, lakini ni miaka mitano sasa sijagombezwa na mtu anayenipenda.

Mwanao,
Nyanjura