Mama Mkwe Alizima Televisheni Akasema, "Hata Mimi"

Mpendwa Tata Karwirwa,

Nakuandikia wewe shangazi yetu wa gazetini, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi kwa sababu siku hiyo nimeitwa kwa wakwe zangu kule Karurumo na sijui nitasimama niseme nini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kiirua, nimeoa Phyllis kutoka Embu, tuna watoto wawili, sinywi, sizururi, ulevi wangu ni mmoja tu, nao ni tamthilia za televisheni, na hata huo nilidhani ni baraka kwa watu, maana walimu wenzangu wote hunijia kuuliza ni ipi ya kutazama na ipi ya kuachana nayo, nami huwaambia ukweli, kwamba tamthilia isipokushika mapema usiilazimishe, kwamba ile ambayo kila mtu anapigwa kofi na muziki unanguruma si tamthilia bali ni fujo, na kwamba nzuri ni ile ambayo ikiisha unakuta chai imepoa na bado unabishana na mtu aliyekaa kando yako.

Sasa mama mkwe wangu, Mama Njuki, ambaye ni mjane kwa miaka mingi, aliteleza kwenye shamba lake la kahawa akavunjika mguu, na watoto wake wakachanga wakamnunulia televisheni kubwa ili asichoke kukaa peke yake, akamwambia Phyllis kwa simu, "Mwambie mwalimu anitafutie hadithi. Iwe ya mama aliyefiwa na bwana, na isiwe ya kulia mpaka mwisho." Niliposikia hivyo nilifurahi sana Tata, kwa sababu wewe unajua nthoni, hiyo heshima ya mkwe na mama mkwe, na Waembu wanayo kama sisi Wameru, kwamba hatukai sebule moja wala hatutazamani usoni, nikifika kwake mimi hukaa kwa benchi ya nje nikaletewa chakula huko, kwa hivyo nikaona sasa nimepata njia ya kumfurahisha bila kumkaribia, na nikamchagulia "Nyumba ya Bi Selma", ya Uturuki, imewekwa sauti za Kiswahili, inahusu mjane mwenye shamba la mizeituni na fundi mmoja mpole anayekuja kumtengenezea kisima, na kwa kweli katika zote nilizowahi kutazama hakuna inayoonyesha upweke vizuri kama ile, kwa maana hawausemi, wanaonyesha tu huyo mama akipika chakula kingi halafu anakirudisha kwa sufuria.

Lakini kwa sababu ya hiyo nthoni nilitazama yote kwanza, na nilipofika sehemu ya tisa nikakuta Bi Selma na fundi wanabusiana kisimani, si sana, lakini wanabusiana, nikajiuliza, hii nikimpelekea mama mkwe si ni kama nimesimama mbele yake nikamwonyesha mwenyewe, basi nikaiondoa kwenye flashi, nikampa Phyllis zilizobaki akampelekea. Baada ya muda mama akapiga simu, Phyllis anacheka, anasema, "Mum anauliza namba tisa iko wapi. Anasema hawa watu walikuwa wamekosana, sasa wanachekeana, kuna kitu mwalimu amekula." Nikajibu kwamba iliharibiwa na virusi.

Tangu hapo ikawa mazoea, Phyllis anaweka simu kwa spika jioni, mama anauliza, mimi namjibu kupitia kwa Phyllis, na Tata, sijawahi kupata mtu wa kuchambua tamthilia kama yule mama, aligundua kwamba fundi alikuwa anaharibu kisima makusudi ili arudi tena, jambo ambalo mimi niliona mara ya pili, na siku moja akauliza, "Mwalimu anaonaje, watoto wa Selma wana haki ya kumkataza?" nami nikajibu kwa sauti ya mtaalamu, "Mwambie hawana. Wanafikiri nyumba ni yao kuliko mama." Akasema, "Mwambie asante."

Jumapili iliyopita alikuwa ametolewa plasta, akaita watoto wote kwa chakula cha shukrani, tukaenda, mimi nikakaa kwa benchi yangu chini ya dirisha, na mzee Gedion naye alikuwepo, huyo ni mgane wa boma la jirani, ndiye aliyepanda juu ya bati kufunga dishi, na tangu mama aumie ndiye humletea maziwa asubuhi, na wakati mwingine hukaa wakatazama pamoja, mtu wa kanisa kabisa, hakuna aliyemfikiria vingine. Baada ya kula nikasikia mama akimwambia mjukuu wake Tabby aweke flashi, aweke pale Bi Selma anapoita watoto wake mezani, nami pale nje nikatabasamu, nikasema leo familia nzima itaona kitu cha maana. Bi Selma akawaambia watoto wake, "Nilimzika baba yenu kwa heshima. Sasa naomba kula chakula cha jioni na mtu." Ndipo sauti ikakatika, maana mama mkwe wangu alikuwa ameshika rimoti akaizima televisheni, na nikasikia akisema, "Hata mimi. Na mtu mwenyewe ni Gedion."

Tata, mimi nilikuwa bado nje. Sikuona kitu, nilisikia tu kijiko kikianguka sakafuni, halafu kimya, hata mtoto hakulia. Kisha shemeji yangu Njuki, kifungua mimba wa nyumba hiyo, ambaye anafanya kazi kwa ofisi ya serikali Embu mjini na kwa kawaida ni mtu mpole, akatoka nje akasimama mbele yangu, akasema, "Mwalimu, ni nini umetufanyia? Mum hakuwa hivi. Ni hizo series zako zimemwingia kwa kichwa." Uji niliopewa nikauweka chini bila kuunywa.

Sasa wameamua kwamba nimevunja nthoni, kwamba nimemwonyesha mama yao mambo yasiyofaa, kwa hivyo Jumamosi niende na kondoo dume na kreti za soda, nisimame mbele ya wazee niseme kwamba nilimpotosha, kwamba yale ni maigizo tu na hayana ukweli, na nisimpe tena flashi yoyote. Phyllis alibaki huko, anasema hatarudi Kiirua mpaka nifanye hivyo, ananiambia kwa simu huku analia, "Sema tu ulikosea, Mutwiri. Mum hatusikii sisi, lakini wewe ukisema atasikia." Na mama mwenyewe hajaniambia neno, ila alimtuma Tabby aniulize kama zile sehemu za mwisho ziko tayari. Ziko, Tata. Ziko kwa droo ya dawati langu na naogopa hata kuifungua. Nikimpelekea nimepoteza mke, na nikisema wanavyotaka nitamvunja yule mama mbele ya watu. Nisaidie, maana hata kutazama siwezi tena.

Mwalimu Mutwiri, Kiirua

*

Mwalimu Mutwiri,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti, nikaisoma tena. Nimeshtuka kama wewe. Lakini wewe umeshtushwa na mama mkwe, na mimi nimeshtushwa na wewe, mtu wa kuchambua kila kitu kwenye kioo halafu kilicho mbele ya pua hukioni.

Hebu rudi kwa barua yako mwenyewe. Nani aliomba hadithi ya mjane? Nani alisema isiwe ya kulia mpaka mwisho? Ulipewa oda, mwalimu, kama fundi nguo anavyopewa kipimo. Hukumtia yule mama chochote kichwani. Alikuwa nacho tayari, akatafuta wa kumshonea. Na Gedion alipanda juu ya bati kufunga dishi kabla Bi Selma hajaingia nyumba hiyo, sivyo? Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama alikohoa miezi yote hiyo, na nyinyi mkadhani ni vumbi.

Unajiuliza kwa nini alikutumia wewe. Mimi nakwambia kwa sababu nimezaliwa katika nthoni kama wewe. Njuki akiambiwa na mama yake atabisha. Phyllis atalia. Lakini mkwe hawezi kumjibu mama mkwe. Katika familia nzima, wewe peke yako ndiye mtu ambaye angeweza kumsikia mpaka mwisho bila kumkatiza. Akakuuliza swali lake kwa jina la Selma, ukamjibu kwamba watoto hawana haki. Akakushukuru. Ulidhani anashukuru kwa uchambuzi?

Sasa nikukaripie kidogo. Eti uliondoa namba tisa. Mama amezaa, amelea, amezika, amechuma kahawa peke yake miaka yote hiyo, na wewe unamchujia mabusu kama mtoto wa chekechea. Halafu unamdanganya kuhusu virusi. Unataka kujua ulivunja nthoni wapi? Ni hapo. Heshima ya mkwe ni kutomtazama mama mkwe usoni. Haisemi popote kwamba umfunge macho yeye.

Na wewe Phyllis, maana najua gazeti hili linafika Karurumo, usilie halafu ukageuza uso. Mlimnunulia mama televisheni ili ikae naye, kwa sababu nyinyi hamkuwa na nafasi ya kukaa naye. Mara ya mwisho kula naye chakula cha jioni, siku ya kawaida, si Krismasi wala matanga, ilikuwa lini? Gedion alileta maziwa akakaa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Naelewa unaumia ukimkumbuka baba yako, na hilo si kosa, umia. Lakini usimfanye mama yako alipie huzuni yako kwa kula peke yake. Na usimtumie mume wako kusema uongo ambao wewe mwenyewe umeogopa kuusema.

Njuki naye simchukii. Kijana wa kwanza akisikia mama anaolewa, kitu cha kwanza kinachomwingia ni shamba la baba. Akiogopa kahawa, aseme kahawa, asiseme Uturuki. Wazee wakae na mama na Gedion, waulize shamba litabaki kwa nani na huyo mama atakaa boma gani, wakubaliane waziwazi mbele ya watu. Hayo ni mambo ya kuzungumzwa na kuisha. Kumlaumu mwalimu na flashi ni kumpiga punda kwa sababu ya mzigo.

Basi fanya hivi. Jumamosi nenda, usitume mtu. Kondoo mpeleke, na soda pia, usibishane nao. Lakini ukisimama mbele ya wazee, sema kondoo huyu ni wa uongo niliomwambia mama kuhusu sehemu ya tisa. Watashangaa, waache washangae. Wakikulazimisha kusema ulimpotosha, waambie hivi na uketi: "Mama aliniuliza swali nikamjibu. Jibu langu bado ni lile." Usiongeze mahubiri. Wewe ni mkwe pale, maneno machache yanakutosha, na kwa sababu ni machache watayasikia.

Phyllis anaweza kukasirika siku hiyo. Atakasirika zaidi miaka ijayo akikumbuka kwamba mumewe alisimama mbele ya wazee akamwaibisha mama yake kwa amri yake. Mpe muda, umpigie jioni kama kawaida, na usianze na kesi. Muulize kwanza kama mama amekula.

Halafu hiyo droo. Ifungue leo. Zile sehemu za mwisho ziweke kwenye flashi, na namba tisa uirudishe mahali pake. Wewe mwenyewe uliandika kwamba tamthilia nzuri ni ile inayokuacha ukibishana na mtu aliyekaa kando yako. Mwalimu, mama mkwe wako amesikia somo lako kuliko walimu wote wa hapo Kiirua. Amemtafuta wa kukaa kando.

Ukifika Karurumo usiingie ndani. Mpe Tabby flashi mlangoni, uketi kwa benchi yako chini ya dirisha kama mkwe mwenye adabu, upokee uji wako na safari hii uunywe. Ukisikia kimya huko ndani usishtuke tena. Wamefika kisimani.

Tata Karwirwa