Nyumba Namba 41

Jumatatu, 5 Agosti

Nachuja asali tangu alfajiri. Ndoo tatu. Vumbi la Agosti linaingia kila mahali, nimefunika kwa kitenge na bado. Nilipotoka kumwaga maji nikaiona: X kubwa nyekundu ukutani, pembeni mwa mlango, chini yake namba 41. Rangi bado mbichi.

Nimecheka. Nani mwingine kama si Mzee Chiwanga wa nyumba ya pili? Mgogo, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Siku ya kumzika baba aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Pasaka alitundika kibao cha INAUZWA kwenye mlango huu huu, na watu wawili wakapiga hodi kuuliza bei.

Nikamfuata barazani kwake nikampigia kelele. Hakukana. "Hameni, wapagazi nyie. Mlifika hapa na mizigo ya watu, mkachoka, mkajifanya wenyeji." Nikamjibu kwamba afadhali sisi tuliobeba kuliko wao waliokaa njiani kuwauzia wasafiri maji ya kunywa. Wiki imeanza vizuri.

Jumanne, 6 Agosti

Nimelipiza. Alipokwenda kunyoa nikapaka X ileile na 41 ileile ukutani kwake, kwa rangi iliyobaki ya geti. Kisha kwangu nikapiga chokaa mara mbili. Haionekani kabisa.

Mama ananikera. Anasema alama ilikuwa juu sana, na Mzee Chiwanga aliumia bega enzi zake za kazi ya reli, mkono hauinuki kupita sikio. Nikamwambia alipanda kigoda. Akasema haya. Hiyo haya yake siipendi.

Jumatano, 7 Agosti

Mimi ni mjinga. Naandika ili nisisahau.

Nilikuwa napeleka asali sokoni. X kwenye ghala la karanga. X kwenye nyumba ya kona, ile yenye mlango wa nakshi. X kwa fundi cherehani. Namba 38, 39, 40. Sokoni sikufika. Fundi ndiye aliyenieleza: mtaro mkubwa wa maji ya mvua utapita upande wetu. Tangazo limebandikwa ofisi ya mtaa tangu wiki iliyopita. Mwenye pingamizi apeleke hati ya nyumba kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Asiyepeleka amekubali kubomolewa.

Mzee Chiwanga nilimkuta anakunywa uji. Amekiri hakupaka yeye. Anasema nilimsingizia vizuri mno, akaona utamu, akanyamaza. Mtani hakasirikiwi. Mimi nimemkasirikia. Nimemwambia maneno yasiyo ya utani.

Hati iko Bukene kwa kaka Yakobo. Simu yake haipatikani. Kesho Nanenane, sikukuu ya wakulima, kila kitu kinafungwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Simu bado.

Nimefagia ua mara tatu. Nimehamisha madumu ya asali kutoka chumba cha nyuma kwenda cha mbele, nikayarudisha. Nimekwenda mpaka stesheni bila sababu, nikarudi. Watu wanapita na fulana za maonyesho, wanacheka. Nawachukia wote.

Baba alitoka Igalula na karanga zake na asali yake, miaka na miaka, mpaka akainunua nyumba hii. Kuta za udongo, nene mkono mzima. Kila siku nailalamikia: giza, mchwa, paa linavuja. Leo siwezi kukaa chini ndani yake.

Mama amejilaza na viatu miguuni. Anasema wakija wasimkute peku. Nimelia jikoni.

Baraza la Mzee Chiwanga tupu tangu asubuhi. Amenikimbia. Mwoga.

Ijumaa, 9 Agosti

Saa nne na nusu bajaji ikasimama nje. Mzee Chiwanga, vumbi mpaka kope. Alikuwa Bukene! Jana alfajiri alipanda basi bila kumwambia mtu, akamkuta Yakobo shambani, simu yake ilishatumbukia kisimani. Hati ipo, ndani ya mfuko wa unga. Hakunitazama. "Panda, mpagazi."

Ndani ya bajaji nikampa shikamoo, ya kweli. Akaitikia marahaba, kavu.

Karani wa ofisi ya mtaa ni mama wa makamo mwenye miwani. Orodha yake ina namba, haina majina. Hati inapokelewa akishaiona namba ukutani kwa mwenye nyumba. Akatoka nasi mpaka kwangu, si mbali. Ukuta wangu mweupe pee. Nikachukua kisu nikakwangua, chokaa ikaanguka na udongo, na alama ikaanguka pamoja navyo. Karani akatazama saa.

Mzee Chiwanga akamwita karani aje kwake. Pale ukutani, nyekundu: X na 41, kwa mkono wangu. Akamweleza kwamba huyu mtani wake amezoea kubeba mizigo, sasa amebeba hata namba ya nyumba akaja kuitua kwake. Kumbe karani ni Mzaramo. Naye mtani wetu! Akaelewa kabla mzee hajamaliza. Alicheka mpaka akavua miwani, akaniuliza nina akili gani. Sina. Nilimwambia hivyo.

Muhuri umegongwa saa sita kasoro dakika nane.

Jumapili, 11 Agosti

Jibu mwisho wa mwezi ujao. Huenda tukabaki. Huenda mtaro ukapita chumbani kwa mama. Sijui.

Karani aliagiza alama irudi ukutani kwangu. Nimeipaka baada ya ibada, mwenyewe. Mama alisimama nyuma yangu na viatu vyake, akisema juu kidogo, juu kidogo.

Mzee Chiwanga amekataa kuifuta ya kwake. Anasema wakija kuvunja 41 watazikuta mbili, na waanze na yake.

Mchana aliingia bila hodi, akapita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akatoka na dumu la asali. Lile kubwa. Siku nyingine ningepiga kelele mtaa wote usikie.

Nimemshikia mlango.