Kikwembe cha maman

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Congé ya uzazi ya maman imeisha. Leo amerudi maternité kuzalisha wamama wengine. Mimi nimebaki na Luc, mdogo wangu. Miezi minne, na hajui kingine ila ziwa la maman. Kabla ya kutoka, maman alikamua maziwa kwenye kikombe, akakifunika. "Na kijiko, polepole. Chupa, hapana!" Ndivyo anavyowaambia wamama wote huko kazini, basi na kwetu ni sheria.
Luc amekataa. Maziwa yote yameishia shingoni mwake.
Jumatatu ijayo naanza chuo cha uuguzi. Nataka kuwa mkunga. Jirani yetu, Maman Chantal, amekubali kumshika Luc mchana — lakini awe anakunywa. Asipokunywa, nitakaa nyumbani mwaka huu. Maman hajasema hivyo. Hana haja ya kusema. Papa anafundisha mbali, huko Sange, anakuja mwisho wa mwezi tu.

Jumanne, 8 Oktoba
Amekataa tena. Nimembeba mgongoni hadi maternité. Mlinzi akamwona Luc, akacheka: "Colonel amekuya kula!" Nimeona haya, nikaangalia viatu vyangu. Maman ametoka mbio, akamnyonyesha amesimama kwenye korido. Luc hajashiba, wenzake wa kazi wakamwita maman ndani. Akamtoa ziwani kwa kidole, akanirudishia. Hakutuangalia.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimepata! Nimejifunga kifuani kikwembe, kile kitenge ambacho maman analala nacho. Kina harufu yake. Luc akanusa, akatulia — akafungua mdomo. Kijiko kimoja, kingine, kikombe chote! Nimecheza peke yangu jikoni.
Maman aliporudi nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. "Aurore, weye utakuwa mukunga kunipita miye!"

Ijumaa, 11 Oktoba
Amekunywa yote tena. Jioni maman amerudi, akaoga, akabadilisha nguo, akanyoosha mikono. Luc akamtazama. Halafu akageuka, akaficha uso kifuani kwangu.
"Aa! Ameshanisahau," maman akasema. Kama mzaha.
Nimefungua kikwembe haraka, nikampa. Akajifunga. Hapo ndipo Luc akaenda kwake.
Luc alipogeukia kwangu nilifurahi. Kidogo. Naandika hapa tu.

Jumapili, 13 Oktoba
Maman yuko kazini tangu alfajiri, hata misa hakusali. Leo ni kujaribu. Nimepeleka Luc, kikombe na kikwembe kwa Maman Chantal. Akajifunga juu ya robe yake, gauni la kanisa. "Leo miye niko mukunga, muniheshimu!" Luc akanusa. Akamtazama usoni. Kisha akanitafuta mimi kwa macho — na kulia!
Si kikwembe tena, basi. Ni mimi.
"Aurore, toka inje," Maman Chantal akaniambia. "Akikuona, hatakunywa."
Nimekaa kwenye ngazi mbele ya mlango wake, daftari magotini. Luc analia. Blouse yangu nyeupe ya chuo nimeshaipiga pasi, inaning'inia nyumbani. Kesho asubuhi.
Huyo maman yangu anapanda kilima, anatoka kazini. Amesikia kilio, ameongeza hatua.
Nimemweleza. Ameweka mkono kwenye mlango. Nikaona nguo yake inalowa kifuani, pande zote mbili. Maziwa yanatoka yenyewe, kwa kumsikia tu.
Hakusukuma. Amekuja kukaa karibu yangu.
"Tusiingie," amesema.
Kilio kinakatika. Kinaanza. Kinakatika. Tunasikia kijiko kinagonga kikombe, na Maman Chantal anaimba wimbo wa misa ya leo, vibaya sana. Maman amekunja mikono kifuani, anabana. Anasikiliza jinsi anavyosikiliza tumbo la mama mwenye uchungu, bila kupumua.
Sasa kimya. Amekunywa, ama amechoka kulia? Nimetaka kusimama. Maman ameshika sketi yangu.
"Bado," ananiambia.