Marobota Arobaini kwa Siku

Jumatatu, 4 Machi
Redio imetuvuruga sokoni. Mitumba marufuku kuingia nchini kuanzia mwisho wa mwezi! Mama Soksi, jirani yangu wa meza, akacheka: hao wakubwa wenyewe wamevaa mitumba. Mimi sikucheka. Meza yangu inalisha watu watano — mume wangu akiwemo, tangu kiwanda cha nguo kimrudishe nyumbani miaka mitatu iliyopita.

Jumatano, 6 Machi
Bwana wa wizara kaja na kipaza sauti. Viwanda vyetu bado vichanga, anasema, havishindani na shati la bei ya sabuni. Vikilindwa vitaajiri watu, na fedha za kigeni zitabaki nyumbani. Labda ni kweli. Lakini mbona kichanga hicho kinyonye kwangu?

Kisha akasoma barua ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, hata walioachishwa, walioomba marufuku. Eti soko hili hushusha marobota arobaini ya mitumba kwa siku, na manne hupitia mlango wa nyuma bila ushuru.

Hesabu hiyo tunaijua sisi wa meza tu. Na mtu mmoja niliyemsimulia mwenyewe, tukila, nikijitapa.

Alhamisi, 7 Machi
Mgambo wamefunga mlango wa nyuma kwa minyororo. Sijamuuliza mume wangu. Naogopa jibu.

Jumamosi, 9 Machi
Tumekata mikanda ya robota la mwisho. Tajiri wa mizigo haleti tena. Desturi yetu, nguo ya kwanza kutoka haiuzwi, hupewa mwenye shida kutuzidi. Likatoka gauni la njano. Mama Soksi akaniwekea mapajani. Chukua mwenzetu, akasema kwa upole, wewe una msiba nyumbani.

Kumbe wanajua hesabu ilitokea nyumbani kwangu! Wote! Afadhali wangenitukana.

Jumapili, 10 Machi
Mume wangu ameitwa tena kazini, kiwandani. Kesho, saa moja asubuhi. Watoto wanaruka, naye anatembea kifua mbele — tangu lini sijamwona hivi! Nampenda, na moyo umenipasuka.

Nikamuuliza: hesabu ile waliipata wapi?

Akainama, akavua viatu. Halafu: "Walitaka takwimu, mke wangu. Kila mtu alitoa alichonacho. Mimi sikuwa na kingine."

Nimekuja kuandika.

Sasa kasimama mlangoni, ovaroli mkononi. Kifungo cha kifuani hakipo. Anaona aibu kuniomba nikishone.